Ukifika Suzhou, tazama magharibi

Ukienda Suzhou, China, kuziona bustani za kale zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997, anza na bustani ya Zhuozheng Yuan mlango ukifunguliwa tu. Kata tiketi mapema na ubebe pasipoti. Baadaye vikundi vya watalii hujaza vijia vyote.

Ukishaingia sehemu ya kati, simama upande wa mashariki, karibu na kibanda cha Yihong, utazame magharibi juu ya bwawa. Utaona mnara wa hekalu la Beisi umechomoza nyuma ya miti, kana kwamba umejengwa humo humo. Kumbe uko nje kabisa, mjini! Mandhari hiyo imeazimwa makusudi, yaani bustani ilipangwa ili mnara wa nje uonekane kama sehemu yake, na wengi huipita wakiwa wameinamia simu.

Kwenye varanda zenye madirisha ya nakshi, punguza mwendo. Kila dirisha lina picha yake: hapa mwanzi, pale jiwe, mbele kidogo kona ya maji.

Mchana hamia bustani nyingine, Wangshi Yuan. Ni kama nusu hekta tu, lakini mimi naipenda kuliko zote. Tafuta pa kukaa kando ya bwawa, usiharakishwe na mtu.