Tiba ya homoni baada ya kukoma hedhi kwa mwanamke aliyechangia figo: mwongozo kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Mwanamke aliyemchangia ndugu yake figo anapofikia umri wa kukoma hedhi, akaanza kupandwa na joto la ghafla, kutokwa jasho usiku na kukosa usingizi, hujiuliza kama tiba ya homoni inayozungumzwa na wenzake inamfaa na yeye mwenye figo moja. Kuwa na figo moja hakumzuii mtu kutumia homoni. Kinachobadilika ni aina ya dawa inayochaguliwa, njia inayopitia kuingia mwilini, na vipimo vinavyopaswa kuitangulia na kuifuata.

Hakikisha kwanza kwamba ni kukoma hedhi kweli. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwa wanawake wengi jambo hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55, ingawa dalili zinaweza kutangulia kwa miaka kadhaa. Damu inayorudi baada ya miezi hiyo 12 si hedhi iliyochelewa. Ichunguzwe kabla ya kutajwa homoni yoyote.

Hatua inayofuata, na ndiyo wengi huiruka, ni kukusanya kumbukumbu zako za uchangiaji. Upandikizaji wa figo ulianza kufanyika nchini Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 ukafuatia Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma. Kabla ya hapo wagonjwa wengi na ndugu zao walikwenda India. Kwa hiyo mchangiaji anayeishi Njiro au Majengo huenda faili lake liko mbali sana na daktari atakayemwandikia dawa. Omba nakala, na ndani yake tafuta kiwango cha kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo huiondoa) cha kabla ya upasuaji, cha miezi ya mwanzo baada yake, na cha hivi karibuni.

Namba hizo zina kazi. Figo moja inapotolewa, iliyobaki hupanuka na kuongeza bidii, na kwa kawaida uchujaji, yaani kasi ya figo kusafisha damu, hutulia kwenye asilimia 60 hadi 70 ya ule wa awali. Mwanamke aliyekuwa na uchujaji wa 90 anaweza basi kukutwa na 58, na karatasi ya maabara, kwenye mstari wenye herufi eGFR, itaweka alama ya kuonyesha kwamba amepungukiwa, kwa kuwa kipimo kinachotumika ni kile cha watu wenye figo mbili. Daktari asiyejua kwamba ulichangia anaweza kuisoma kama dalili ya ugonjwa wa figo na kukunyima tiba, na mwingine anaweza kuipuuza hata pale ambapo kweli inashuka. Kinachotazamwa kwa mchangiaji ni mwelekeo wa namba hiyo mwaka hadi mwaka, pamoja na protini kwenye mkojo. Namba iliyotulia bila protini haitishi. Inayoteremka, au mkojo ulioanza kuwa na protini, inahitaji daktari bingwa wa figo kabla ya daktari wa magonjwa ya wanawake.

Pima pia presha nyumbani kwa muda wa wiki moja, asubuhi na jioni, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, na mkono ukiwa wazi bila nguo wala kitenge katikati. Ziandike namba zote, hata zile zisizokupendeza. Presha iliyofika 140/90 au zaidi idhibitiwe kwanza, kwani ndiyo inayoichosha figo iliyobaki kuliko karibu kitu kingine chochote. Ikiwa ulibeba mimba baada ya kuchangia ukapata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, litaje jambo hilo bila kusubiri kuulizwa.

Sasa kuhusu dawa zenyewe. Homoni kuu ya tiba hii ni estrojeni, ile inayopungua mwilini hedhi inapokoma. Estrojeni ya vidonge hupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na huko huchochea utengenezaji wa protini za kugandisha damu pamoja na protini inayohusika na kupandisha presha. Estrojeni inayopitia kwenye ngozi, yaani kibandiko au jeli, haina mzunguko huo. Kwa maoni yangu, mwenye figo moja ana sababu nzuri ya kuulizia ya ngozi kwanza, hata ikimbidi kuitafuta, maana haipatikani katika kila duka la dawa na ni vyema famasi iulizwe mapema. Kibandiko huwekwa chini ya kitovu au kwenye kalio, kamwe si kwenye titi, juu ya ngozi safi na kavu isiyopakwa mafuta. Kwa joto la Moshi la Januari na Februari, kiweke baada ya kuoga na kujikausha vizuri, la sivyo jasho litakibandua.

Mwanamke mwenye kizazi lazima atumie projesteroni, homoni nyingine ya kike, pamoja na estrojeni, ili ukuta wa kizazi usinenepe na kuelekea kwenye saratani. Hapa kuna jina moja la kukariri: drospirenoni. Aina hii huweza kupandisha potasiamu kwenye damu, hasa kwa anayetumia dawa za presha kama losartani au lisinoprili, na kwa figo moja ni bora daktari achague nyingine. Usikubali pia kupewa vidonge vya uzazi wa mpango kama mbadala, kwa kuwa estrojeni yake huwa na nguvu kubwa kuliko inayohitajika kutuliza dalili.

Ikiwa tatizo lako ni ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa au maambukizi ya njia ya mkojo yanayojirudia, huenda estrojeni ya kupaka ukeni kwa dozi ndogo ikatosha. Ni kidogo sana kinachoingia kwenye damu, na kupungua kwa maambukizi hayo ni faida ya moja kwa moja kwa figo.

Waliowahi kuugua saratani ya matiti, kuganda kwa damu, kiharusi au mshtuko wa moyo, na wenye ugonjwa wa ini, kwa kawaida hawapewi homoni za mwili mzima. Zipo dawa nyingine za kupunguza joto, lakini gabapentini hutolewa kupitia figo na dozi yake hupangwa kulingana na uchujaji, nayo venlafaksini inaweza kupandisha presha. Maumivu ya viungo, ambayo huwapata wengi katika umri huu, yasikupeleke dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni, ambazo zinaweza kuidhuru figo. Parasetamoli kwa dozi sahihi ni salama zaidi. Mitishamba ya kutuliza joto la mwili iache, maana figo haina namna ya kujua kilichomo kwenye chupa isiyo na lebo.

Mifupa nayo hupoteza uimara estrojeni inaposhuka, na huku kwetu kuna jambo la ziada. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana floridi nyingi, na magadi tunayotia kwenye maharage, kiburu na makande yana floridi pamoja na sodiamu. Floridi hutolewa mwilini na figo, na ikizidi kwa miaka huharibu mifupa. Sodiamu hupandisha presha. Loweka maharage usiku kucha badala ya kuyalainisha kwa magadi, ulizia chanzo cha maji yako, na kalsiamu ipate zaidi kwenye mtindi na dagaa kuliko kwenye vidonge.

Ukishaanza tiba, rudi kliniki baada ya miezi mitatu kupima presha, kreatinini na protini ya mkojo, kisha angalau mara moja kila mwaka pamoja na uchunguzi wa matiti. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda dharura siku hiyohiyo, iwe KCMC, Mount Meru au hospitali yoyote iliyo karibu, na uwaambie mapema kwamba unatumia homoni na kwamba una figo moja.