Kudunga uji wa chokaa kwenye ufa bila kuziba njia

Kuta za Mji wa Kale wa Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Zikipasuka, usizibe kwa saruji; hunasa unyevu ndani na jiwe likaoza. Dunga uji wa chokaa.

Hatua ya 1: Pima ufa. Mimi hutumia njiti ya ufagio wa chelewa. Ufa wa milimita 2 unataka punje ya uji isiyozidi milimita 0.4, yaani moja kwa tano ya upana. Kubwa kuliko hapo, punje chache zikifika pamoja huegemeana na kujenga tao, kama mawe ya tao la mlango, na nyuma yake hapiti kitu. Chekecha mara mbili.

Hatua ya 2: Lowesha ukuta tangu jana yake. Tumbawe kavu hunywa maji ya uji na kukuachia unga.

Hatua ya 3: Koroga chokaa iliyozimwa, unga wa matofali ya kuchoma (husaidia kushika ndani kusikofika hewa) na maji. Sasa ujaribu, na hapa usiwe na haraka. Ukikanyaga mchanga mbichi ufukweni Shela, unaona pembeni mwa mguu panakauka ghafla? Mhandisi Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo mwaka 1885: punje zilizobanana haziwezi kupishana mpaka zitanuke kwanza, na maji huzama kujaza nafasi hiyo. Ndani ya ufa hakuna pa kutanukia, basi hukabana. Kwa hiyo koroga polepole, kisha kwa kasi. Mwiko ukikaza na uso wa uji ukapoteza mng'ao, ongeza maji, kijiko kimoja kimoja.

Hatua ya 4: Kati ya matundu uliyotoboa kufuata ufa, anza la chini kabisa, taratibu, kwa bomba la sindano nene. Bomba likigoma, usisukume! Niliwahi kulikandamiza kwa mikono miwili. Ukutani yakaingia maji matupu, na mdomoni mwa bomba nikatoa kipande cheupe kilichovunjika kama chaki. Tundu lile nililipoteza. Siku hizi navuta nyuma kidogo, punje zilizoegemeana ziachane, nagonga bomba kwa kidole, nahesabu hadi kumi, ndipo nasukuma tena polepole kuliko mwanzo.

Uji ukichungulia tundu la juu, ziba la chini kwa udongo mbichi, kisha uhamie hilo la juu.