Namna ya kulielewa na kulitumia neno "drubbing"

Anayesoma habari za michezo kwa Kiingereza hulikuta neno "drubbing" mara kwa mara, na akilitafsiri kuwa "kushindwa" tu huwa amelipunguzia uzito wake. Lianzie kwenye kitenzi chake, "drub", ambacho maana yake ya asili ni kumchapa mtu kwa fimbo, pigo baada ya pigo.

Kitenzi hicho kiliingia katika maandishi ya Kiingereza miaka ya 1630, kupitia kwa wasafiri waliosimulia mambo ya nchi za Mashariki. Miongoni mwao alikuwamo Thomas Herbert, aliyefuatana na ujumbe wa Uingereza kwenda Uajemi mwaka 1627 na kuchapisha simulizi zake mwaka 1634. Katika maandishi hayo ya mwanzo neno lilihusu hasa adhabu ya kuchapwa bakora kwenye nyayo, na ndiyo maana wataalamu wengi wa asili ya maneno hulihusisha na kitenzi cha Kiarabu "dharaba", yaani kupiga. Ikiwa asili ni hiyo, basi neno hilo lina undugu na "dharuba" yetu, ambayo ni pigo na pia ni tufani; msomaji wa Kiswahili akiukumbuka undugu huo, hatalisahau kamwe.

Baadaye fimbo iliachwa, ukabaki ukubwa wa kipigo. Hapo ndipo uangalifu unapohitajika, kwa sababu timu iliyofungwa bao 1–0 haikupata "drubbing" hata kama mashabiki wake wanalia. Brazil ilipofungwa 7–1 na Ujerumani mjini Belo Horizonte, tarehe 8 Julai 2014, neno lilistahili kabisa. Hutumika vilevile kwa chama kilichobwagwa vibaya katika uchaguzi, na kwa filamu iliyoshambuliwa na wahakiki.

Katika uandishi, kumbuka kwamba herufi "b" hurudiwa katika "drubbed" na "drubbing", na kwamba aliyeshindwa ndiye "hupokea" kipigo, kwa kitenzi "take" au "suffer". Unapolitafsiri, andika "kipigo kizito" au "kichapo" kwa mechi, "kushindwa vibaya" kwa uchaguzi, na "kukosolewa vikali" kwa kazi ya sanaa; "kugaragazwa" nalo linafaa, ila liachie kurasa za michezo.