Fupisha hatua kabla hujakanyaga utelezi

Ukiona mbele kuna sakafu yenye maji, tope au kokoto, fupisha hatua zako mita mbili tatu kabla ya kufika, na uache magoti yakunje kidogo. Hatua ndefu hutua mbali mbele ya kiwiliwili; kisigino kinaisukuma sakafu kwa mbele, msuguano unashindwa, unateleza. Hatua fupi hutua karibu na chini ya mwili, kwa hiyo nguvu nyingi inakwenda chini badala ya mbele, na ukiteleza, mguu wa pili uko jirani kukudaka. Hili la "kabla" ndilo muhimu hasa. Misuli ya shavu la mguu, ambayo ndiyo inayokusukuma mbele kila hatua, ikivutwa ghafla hujibu kupitia uti wa mgongo chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, mapema kuliko unavyoweza kuamua lolote. Lakini jibu hilo ni dogo. Haliwezi peke yake kuusimamisha mwili unaokwenda kasi, basi lipunguzie kazi mapema. Usikakamae, misuli iliyokazwa yote kwa pamoja huchelewa kurekebisha.

Mbinu hii haifai ukijikwaa. Hapo mwili tayari unaanguka mbele, na kinachookoa ni hatua moja ndefu ya haraka. Pia usifupishe hadi ukaburuta nyayo: ncha ya kiatu itanasa kwenye kitu kidogo tu. Inua mguu kama kawaida.