Kabla hujanunua drams, fikiria utapigia wapi

Ukitafuta seti ya drams, jiulize kwanza utapigia wapi na muziki gani, kabla hujavutiwa na rangi yake. Besi (ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu) ya inchi 22 na tomu (ngoma za ukubwa wa kati) za 12, 13 na 16 zinafaa roki na kumbi kubwa, kwa kuwa ngoma pana hutoa sauti nzito ya chini. Kwenye chumba kidogo besi hiyo itawameza waimbaji wote. Hapo mimi ningechukua ya 20, na tomu za 10, 12 na 14. Wapigaji wengi wa jazi hushuka hadi besi ya 18. Sneya (ngoma fupi yenye nyuzi chini na mlio mkali) ya inchi 14 inakaa popote.

Ila pesa yako kubwa iweke kwenye matoazi, tafadhali! Ngoma ya bei nafuu ukiibadilishia ngozi na kuikaza sawasawa itasikika vizuri, lakini toazi lenye mlio mbaya halina dawa. Haiheti (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) za 14, raidi (toazi kubwa la kushikia mdundo) ya 20 na krashi moja (toazi la mlio wa kishindo) zinatosha kuanzia. Krashi ya 18 huchelewa kidogo kufunguka, yaani kutoa mlio wake wote, na mlio wake hudumu, kwa hiyo kama unapiga kwa mkono mwepesi chukua ya 16.