Chanjo Kabla ya Safari ya Nje: Hesabu Siku Kwanza

Wasafiri wengi hukumbuka chanjo wakiwa wameshakata tiketi, pengine siku mbili kabla ya kuondoka, wakati ambapo sindano bado wanaweza kuipata lakini cheti chake hakitawafaa kitu wakifika. Nenda kituo cha chanjo za wasafiri wiki sita hadi nane kabla ya safari, ukiwa na pasi, kumbukumbu za chanjo ulizowahi kupata na ratiba inayotaja hata viwanja vya ndege utakavyopitia, kwa kuwa zipo nchi zinazodai cheti cha homa ya manjano hata kwa abiria aliyesubiri ndege zaidi ya saa 12 katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo.

Homa ya manjano ndiyo yenye masharti makali zaidi. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya mtu kuchanjwa mara ya kwanza, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote ya mwenyewe, hata kama kadi ya zamani imeandikwa kwamba muda wake ni miaka 10. Ukikabidhiwa kadi, isome palepale mbele ya aliyekuchanja: jina lilingane na la kwenye pasi, mwezi uandikwe kwa maneno badala ya tarakimu, na pawepo namba ya toleo la chanjo, saini ya mkono na mhuri rasmi wa kituo. Mahali palipofutwa au kuachwa wazi panatosha kuifanya kadi ikataliwe, na afisa wa afya mpakani hana wajibu wa kukusikiliza.

Kwa kuwa chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, mjamzito, mwenye upungufu wa kinga mwilini, mwenye mzio mkali wa mayai na mwenye umri wa miaka 60 au zaidi anapaswa kujieleza kwa daktari kabla ya kuchanjwa. Asiyeweza kuchanjwa huandikiwa barua ya daktari, ila aulize mapema ubalozini kama itapokelewa. Chanjo nyingine ya sindano yenye virusi hai, kama ya surua, itolewe siku hiyohiyo au zipite wiki nne.

Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu katika miezi sita. Ya homa ya matumbo, ikiwa ni ya sindano, huhitaji angalau wiki mbili. Mahujaji hutakiwa kuchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kuingia Saudi Arabia. Malaria ni suala jingine: mtu mzima anayesafiri hukingwa kwa vidonge na chandarua, kwa hiyo viulizie vidonge hivyo siku hiyohiyo, maana vingine huanzwa wiki moja au zaidi kabla ya safari.