SOMO: Kupima hulka za mjamzito na hatari ya sonona baada ya kujifungua

Kila muhula wanafunzi wapya, kila muhula swali lilelile saa tano za usiku: utafiti huu waanzia wapi, wafanywaje? Naandika mara moja; anayeuliza tena nitamtumia hili.

1. Kibali cha kamati ya maadili, kisha cha kliniki.

2. Hojaji ni mbili. VPSQ (Vulnerable Personality Style Questionnaire) ya Boyce na wenzake (Australia, 2001) ina sentensi 9 na hupima hulka, yaani mama alivyo kwa kawaida. EPDS (Edinburgh Postnatal Depression Scale, 1987) ina maswali 10 na hupima dalili za sonona za siku 7 zilizopita.

3. Zitafsiri kwa Kiswahili, mwengine airudishe Kiingereza bila kuona ya asili, mlinganishe.

4. Hulka ipime wakati wa mimba. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mtu hungoja mama ajifungue, ampe hojaji zote mbili siku moja. Mama halali, analia akinyonyesha, nawe wamuuliza kama ni mtu wa wasiwasi. Atakwambia ndiyo, tangu utotoni. Hapo inayojibu ni sonona. Uhusiano utatoka mkubwa ajabu, utafurahi, kumbe umepima kitu kimoja mara mbili. Hata kwenye mimba mpe EPDS pia, ujue kama dalili zimeshaanza.

ONYO: Usimhoji mbele ya mama mkwe. Kila jibu litakuwa "mie sina neno".

5. Rudia EPDS wiki ya sita, akileta mtoto kwa chanjo. Arobaini imekwisha, anatoka.

6. Hesabu. Kwenye EPDS, maswali 1, 2 na 4 jibu la juu ni 0 hadi la chini 3, mengine kinyume. Swali la 10, la kujidhuru, litazame kabla ya jumla. Likizidi 0, mama haondoki hajaonwa na mhudumu.

MASWALI

Mwanachuo wa Tudor: VPSQ alama ngapi ndiyo mgonjwa?
— Hakuna. Hulka si ugonjwa. Rudi hatua ya 2.

Mwanachuo wa Tudor: Basi 13 ya EPDS?
— Wengi hutumia 13 kwenda juu kumpeleka mama kwa mtaalamu. Mwenye kusema ni sonona ni huyo mtaalamu, si karatasi yako.

Nesi wa Likoni: Asiyejua kusoma namsomea, lakini hunitazama usoni kutafuta jibu. Nifanyeje, mwalimu?
— Ahsante dada, hili wengi hawalioni. Kwa VPSQ, yenye majibu matano kila sentensi, chora duara tano, ndogo hadi kubwa, aonyeshe kwa kidole. Wewe macho kwenye karatasi, sauti ileile kila sentensi. Akisema hajaelewa, rudia maneno yaleyale, usimpe mfano wako. Na uandike kwamba alisomewa, hao utawachambua peke yao.

Wa Kisauni: Wangu wengi siwaoni tena wiki ya sita.
— Mimba ya kwanza hiyo? Wengi huenda kuzalia kwao. Siku ya kwanza muulize arobaini atakaa kwa nani, uchukue na simu ya huyo.